Wao Wanahesabu Siku, Sisi Tunahesabu Kadi

Hotuba kwa viongozi wapya wa matawi

Ndugu mwenyekiti, ndugu katibu, na ninyi ndugu zangu mliotoka saiti, viwandani na relini: kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Changamoto za Kampuni za Kichina kwa Vyama vya Wafanyakazi". Hilo neno changamoto naomba tuliache huko huko kwenye ratiba. Likishatajwa, watu huanza kulalamika, na malalamiko juu ya Wachina kila mmoja hapa anayo ya kwake. Hamkupanda basi usiku kucha kuja kuyasikia kwangu.

Nitaanza na kikao. Ni miaka mingi sasa, nilikuwa ofisa mdogo wa kanda, nikaenda kambini kwa mkandarasi mmoja wa barabara. Jina lake halituongezei kitu. Mkobani nilikuwa na barua ya utambulisho na bunda la fomu TUF 6 zilizosainiwa, zile za mfanyakazi kuruhusu ada ikatwe kwenye mshahara. Meneja alitupokea vizuri: chai ya majani kwenye glasi ndefu, pakiti ya sigara katikati ya meza. Mkalimani alikuwa kijana wa Kichina aliyeokota Kiswahili chake pale pale saiti, Kiswahili cha "leta", "haraka" na "kesho". Nikajitambulisha: sisi ni chama. Kijana akatafsiri. Meneja akabadilika uso, akasema maneno marefu, na kijana akanigeukia: "Bosi anasema, chama iko na ofisi yake mjini. Hapa kambi, siasa hapana."

Kumbe chama chetu kilikuwa kimetafsiriwa kuwa chama cha siasa. Mzee wa watu alidhani tunakuja kufungua tawi la CCM kwenye gereji yake. Kiswahili chenyewe hakina kosa, kwetu chama ni chama, hata cha kuzikana ni chama. Tukahangaika kwa ishara na michoro mpaka akaitwa fundi mitambo, Mtanzania aliyewahi kusoma Kichina kidogo. Akatamka neno moja: gonghui, yaani chama cha wafanyakazi kwa Kichina. Meneja akacheka, akajaza glasi zetu tena. Gonghui anaijua. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, sikukuu ya mwaka huu tutawaletea wafanyakazi wake zawadi gani.

Nakiri kwamba ile hofu yake ya kwanza haikunisumbua. Kilichonikosesha usingizi ni kile kicheko.

Kwa sababu gonghui anayoijua yeye ni kitu kingine. China kuna shirikisho moja tu la vyama vya wafanyakazi linalokubaliwa kisheria, lilianzishwa mwaka 1925 na liko chini ya chama tawala. Ndani ya kampuni, mwenyekiti wa tawi mara nyingi ni mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo hiyo. Na fedha? Sheria yao inaitaka kampuni itoe asilimia 2 ya jumla ya mishahara iwape chama. Kwetu asilimia hiyo inatoka mfukoni kwa mfanyakazi. Mwangalieni basi huyo meneja: nyumbani kwao chama analipia yeye, kinaandaa mashindano ya mpira wa meza na kapu la sikukuu, na haki ya kugoma ilifutwa kwenye katiba tangu 1982. Leo anaingia mtu na mkoba, hakumwajiri, hamlipi, na anamwambia tunataka kujadiliana mishahara. Kwake ni kama msimamizi wa kantini amekuja kudai hisa.

Msidhani lakini kwamba hawajui mgomo. Wafanyakazi wa China wanagoma, tena sana. Mwaka 2010 wale wa kiwanda cha vipuri vya magari ya Honda huko Foshan waligoma mpaka mitambo ya Honda nchini mwao ikasimama, na watu wa chama chao wakaja kukunjana nao mashati. Kwa hiyo meneja anaujua mgomo kama moto, na moto anauzima ofisa wa serikali. Ndiyo maana mkipeleka madai ya maandishi, simu yake ya kwanza haiendi kwa Chama cha Waajiri wala kwa wakili. Inaenda kwa mkuu wa wilaya. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa hivi kabla ya kupeleka barua kambini napitia kwanza ofisi ya mkuu wa wilaya, nasaini kitabu cha wageni, nakunywa maji, naeleza. Simu ikipigwa, inamkuta mtu aliyekwisha kuwa na nakala.

Sasa niingie kwenye nililokuja kulisema. Tunapenda kusema "Mchina", kana kwamba ni mwajiri mmoja. Waliokuja Afrika ni wa namna mbalimbali, na kinachowatenganisha mbele ya chama ni muda. Muulize mwajiri, yeyote, Mchina au Mturuki au mzawa: unaondoka lini? Jibu lake litakwambia atakavyokutendea kuliko pasipoti yake.

Tazameni Zambia, maana wenzetu waliyapitia haya kabla yetu. Mwaka 1998 kampuni ya serikali ya China, NFC Africa Mining, ilinunua mgodi wa shaba wa Chambishi uliokuwa umelala. Miaka ya mwanzo ilikuwa mibaya. Kazi za vibarua, mikataba mifupi mifupi. Aprili 2005 kiwanda cha baruti kwenye eneo la mgodi kililipuka, wakafa Wazambia zaidi ya 40, wengi wao vijana wa mikataba hiyo hiyo mifupi. Mwaka uliofuata wafanyakazi wakaandamana juu ya mishahara, na wengine wakapigwa risasi wakajeruhiwa. Mtu angesema hapo chama hakina mwenzake wa kuzungumza naye.

Lakini shaba haibebeki kwenye begi. Iko chini, na aliyeinunua anataka kuichimba kwa miongo. Mwajiri wa namna hiyo atakasirika, ataburuza miguu, atampigia simu kila mkubwa anayemjua, lakini mwisho anakaa mezani, kwa sababu kesho na keshokutwa atakuwa bado yupo na wafanyakazi watakuwa bado wapo. Vyama vya wachimbaji, MUZ na NUMAW, vikasukuma, migomo ikaja na kwenda, na ule ukibarua wa mwanzo ukaanza kupungua. Kisha 2008 bei ya shaba ikaporomoka. Mgodi wa Luanshya, uliokuwa wa wawekezaji wengine, ukafungwa na watu wakarudishwa nyumbani. Wachina wa Chambishi wakatangaza kwamba hawapunguzi watu, hawapunguzi uzalishaji, hawapunguzi uwekezaji, na mwaka 2009 kampuni mama yao ikaichukua na hiyo Luanshya. Mishahara yao ilibaki chini kuliko ya migodi mingine, hilo nalo tuliseme. Mchimbaji wa Zambia akajikuta na swali ambalo hakuna chama kinalipenda: bora mshahara mnono wa miaka miwili, au mwembamba usiokatika?

Nchi hiyo hiyo, sheria hizo hizo, nendeni kusini Sinazongwe. Mgodi wa makaa wa Collum ulikuwa wa kampuni binafsi. Oktoba 2010 mameneja wawili wa Kichina waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokuwa wakidai mishahara na hali bora, wakajeruhi watu wasiopungua 11. Mwaka 2011 mashtaka yakaondolewa. Agosti 2012 kima cha chini kilikuwa kimepandishwa na serikali, mgodini hakijaonekana, ghasia zikazuka na meneja mmoja wa Kichina akauawa. Februari 2013 serikali ikaunyang'anya mgodi leseni. Hapo hapakuwa na meza. Palikuwa na hasira upande mmoja na bunduki upande wa pili, kisha zikabadilishana.

Wa Chambishi na wa Collum wote tunawaita Wachina. Mkisema hivyo mbele yangu nitawauliza: yupi?

Sasa wengi wenu hamko migodini. Mko kwa wakandarasi: barabara, madaraja, mabomba, majengo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunaposhindwa, na hatushindwi kwa kuonewa. Tunashindwa kwa kalenda.

Chukueni mradi wa miezi 24. Miezi mitatu ya kwanza ni kambi, uzio, kushusha mitambo. Watu wengi wanaingia kuanzia mwezi wa sita. Sisi tunasikia, tunatuma ofisa, anaanza kugawa fomu kwenye mwezi wa saba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema ukiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kitengo cha majadiliano, wewe ndiye wakala pekee wa kujadiliana. Haya, nusu. Lakini mikataba ni ya miezi mitatu mitatu, na wengine wameletwa na wakala wa ajira, kampuni inasema hao si wangu. Unapofikisha nusu mwezi wa kumi, robo ya waliosaini wameshapewa mkono wa kwaheri. Unajaza upya. Mwezi wa kumi na moja unapeleka notisi. Mwajiri ana siku 30 za kukutana nawe. Siku ya 28 bosi amesafiri kwenda Beijing, na siku ya 31 amerudi lakini muhuri umebaki. Unakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usuluhishi nao una siku zake 30. Ikishindikana, Mahakama ya Kazi. Mnafuatana? Tuko mwezi wa kumi na sita, na kuanzia wa kumi na nane kampuni inaanza kupunguza watu, kihalali kabisa, kwa sababu kazi inaisha.

Mwaka fulani tulishinda kesi ya namna hiyo. Tulishinda kila kitu. Nilipoipeleka hukumu kambini nilimkuta mlinzi, mpishi, na mbwa wawili. Mlinzi aliomba nimsomee, nikamsomea, akasema hongereni.

Wao wanahesabu siku, sisi tunahesabu kadi. Hakuna aliyevunja sheria hapo, au kama ilivunjwa ni kidogo tu, siku ile ya 31. Aliyekaa na kalenda alimsubiri aliyekaa na daftari la ada.

Basi nini? Tuliposhindwa vya kutosha tukaanza kujiuliza mkandarasi anaogopa nini. Haogopi kelele. Kelele za mgomo wa siku mbili usiofuata utaratibu anazipenda, maana zinampa orodha ya wa kufukuza. Mnajua masharti: usuluhishi kwanza, kura, notisi ya saa 48. Anayegoma bila hayo amejivua kinga mwenyewe. Mkandarasi anaogopa siku. Mkataba wake na mwenye mradi una tarehe ya mwisho, na kila siku anayochelewa anakatwa fedha. Akitoka vibaya hapa, zabuni ijayo inamponyoka, na kumbukeni kwamba kwa kampuni hizi nyingi Afrika ni mlolongo wa zabuni. Kwa hiyo anachohitaji sana kuliko saruji ni siku ambazo hazikatiki. Na ni nani mwenye siku hizo za kuuza?

Ni sisi. Sheria yenyewe inasema jambo likishaingia kwenye mkataba wa hali bora za kazi, ule wa chama na mwajiri, anayefungwa na mkataba huo hawezi kuligomea. Tumezoea kulisoma hilo kama pingu. Machoni mwa mkandarasi ni bidhaa.

Tulilijaribu kwenye mradi mwingine, kampuni nyingine. Safari hii tulifika kabla uzio haujafungwa. Hatukuanzia kwa meneja, tulianzia kwa mwenye mradi na mhandisi mshauri, yule anayesaini hati za malipo. Mikataba mingi ya ujenzi inafuata mfumo wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na humo mna kifungu kizima cha wafanyakazi kinachomtaka mkandarasi afuate sheria za kazi za nchi. Fedha zikiwa za Benki ya Dunia, tangu 2018 kuna kiwango chao cha masharti ya kazi kinachotambua haki ya wafanyakazi kujiunga na chama. Karatasi hizo zipo kwenye kabati la mhandisi mshauri, na huwa hazisomwi na mtu mpaka aende mtu kuomba zisomwe. Tukaomba. Kikao cha kwanza na meneja kilifanyika mbele ya mhandisi, mkalimani tukaenda naye wetu, na neno chama likatafsiriwa vizuri.

Meneja huyu hakucheka. Alisikiliza saa nzima, akavuta sigara mbili, akauliza swali moja tu: "Nikisaini, mpaka mwisho hakuna mgomo?" Tukamwambia kwa yaliyomo humu, hakuna; kwa yasiyomo, utaratibu kwanza. Akahesabu kwenye kalenda ya ukutani, kweli kabisa, kwa kidole, mwezi hadi mwezi. Akasaini wiki iliyofuata. Mule tulipata saa 45 kwa wiki na zinazozidi kulipwa mara moja na nusu, buti na kofia bila kukatwa, mkataba wa kazi kwa Kiswahili badala ya ule wa Kichina na Kiingereza ambao watu walikuwa wanausaini kwa dole gumba, na maji ya kunywa karibu na eneo la kazi. Ofisi ya tawi ilikuwa kontena, lakini yenye ufunguo wetu.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa harusi. Tulifunga mshahara kwa miezi 24, na ndani ya miezi hiyo bei za vitu zilipanda. Watu wakanijia na mkataba mkononi: mzee, ulituuza. Kuna waliokuwa wananiita mzee wa Wachina, na mmoja wao nadhani yumo humu ukumbini leo, nimemwona anatabasamu. Walikuwa na haki. Ukiuza siku, weka kipengele cha kufungua meza ya mshahara kila baada ya miezi 12. Mimi sikukiweka. Kiandikeni.

Mambo mawili ya haraka. Kuna usemi kwamba wanakuja na watu wao, hakuna wa kuandikisha. Utafiti wa McKinsey wa 2017, uliopita kwenye kampuni za Kichina zaidi ya 1,000 katika nchi 8 za Afrika, ulikuta asilimia 89 ya wafanyakazi ni Waafrika. Wa kuandikisha wapo, ni wenetu. Kwenye ngazi ya mameneja ndipo wanashuka hadi 44, na hilo ni dai la kupeleka mezani, si sababu ya kukata tamaa. La pili, tawi likizidi wanachama 100 linakuwa na wawakilishi 15, na kama kuna wanawake wanachama, wasiopungua watano wawe wa kuwawakilisha wanawake hao. Nimekagua fomu zenu jana. Mnajijua.

Na jingine ambalo halimo kwenye ratiba. Siku moja, nikigawa fomu saa ya mapumziko, alinijia mchomeleaji wa Kichina, mtu wa makamo, mikono imeungua ungua. Alikuwa na Kiswahili chake cha kutosha. Akauliza: na mimi je? Alikuwa anafanya kazi siku saba, analala kambini, na hayo mashirika ya kwao hayamfuati huku. Sheria yetu inasema kila mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama. Nikampa fomu. Akaisoma kana kwamba anaielewa, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Haikurudi. Mara kwa mara huwa namfikiria huyo mtu kuliko mameneja wote niliokaa nao.

Nimalizie na ninyi wa reli. Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina zaidi ya 60, wengi wao waliokufa wakati reli ya TAZARA inajengwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kazi iliyoanza 1970. Kampuni ya CCECC mnayoiona leo kwenye mabango ya ujenzi nchi nzima ilizaliwa 1979 kutoka ofisi ya misaada ya nje ya Wizara ya Reli ya China, ile ile iliyosimamia kazi hiyo. Na sasa, kwa makubaliano yaliyosainiwa 2025, CCECC ndiyo inayokuja kuifufua TAZARA na kuiendesha kwa miaka 30. Wengine humu mna mkandarasi anayeondoka, na mnatakiwa kumwahi. Ninyi mna mwajiri anayekaa. Mameneja watapita wengi, mkataba utawakuta wenu wamestaafu. Msimwendee na haraka ya watu wa barabara, wala msikubali yeye awaendee na mikataba ya miezi mitatu mitatu, kana kwamba kesho anafunga mizigo. Mwambieni mlisikia ni miaka 30.

Kwenye meza pale nyuma kuna karatasi nyeupe. Kabla ya chakula kila tawi lichukue moja, liandike juu kabisa tarehe ambayo mradi wake unakwisha, na chini yake tarehe ambayo notisi ya kutambuliwa itapelekwa. Asiyeijua tarehe ya kwanza ampigie simu mhandisi wake sasa hivi, nje, si humu ndani. Ninyi wa reli msiandike mwezi. Andikeni mwaka, na jina la kijana mtakayemwachia daftari.